Ghala Lililokosa wa Kulifungua

Magige alikuja tena na kigoda chake. Alipita nyuma ya zizi, akavuka uwanja bila kupiga hodi, akakiweka kigoda kando ya ghala na kuketi akitazama njia, kama mtu aliye kwake. Skolastika alikuwa anachambua majani ya kunde yaliyonyauka kabla ya kukomaa. Alimsalimu kwa kupiga goti, kama ilivyompasa kumsalimu mtu aliyekuwa kaka wa marehemu mumewe kwa ukoo, kisha akarudi kwenye majani yake. Wote wawili walijua maana ya kigoda kile. Mwanamume anayebeba kigoda chake mwenyewe mpaka uwanja wa mjane hakuja kutembea.

Mwaka ulikuwa wa arobaini na tatu. Vita ya Wazungu ilikuwa bado inachukua vijana, na mvua zilikuwa zimekataa nchi yote, kuanzia Butiama mpaka Bunda. Mihogo ambayo Serikali ilimwamuru kila mwenye nyumba apande ilichimbwa ingali nyembamba kama vidole, ikaisha. Watu walikula ndago, walikula mizizi ambayo zamani walikuwa wakiwachekea nguruwe kwa kuila. Na katikati ya njaa hiyo, uwanjani kwa Skolastika, lilisimama ghala limejaa ulezi.

Stanislausi, mumewe, alilijaza mwenyewe mwaka wa mavuno mema. Alilifunika paa lake la nyasi, lile linaloitwa kofia, akaikandika ukingoni kwa udongo na samadi, na haukupita muda homa ikamchukua. Kwa watu wa ukoo wa Burito, ghala la namna hiyo hufunguliwa na mwanamume wa nyumba, naye hajifungulii tu. Mke wa nyumba humwendea na ungo mtupu, hupiga magoti, humwita afungue. Mwanamke akipandisha mkono wake mwenyewe, amesema mbele ya watu kwamba nyumba ile haina mtu, na nyumba isiyo na mtu ina ndugu wa kuichukua. Skolastika alikuwa amebatizwa, laana za wazee hazikumtisha. Lililomtisha ni baraza. Akilivunja ghala, Magige angekwenda kwa mtemi kudai watoto, na baraza lingempa.

"Shemeji," Magige alisema, "leo mmekula nini?"

"Tumekula alichotoa Mungu."

"Ametoa nini?"

"Mlenda."

"Mlenda na nini?"

Skolastika aliendelea kuchambua majani. Magige alicheka kidogo, si kwa ubaya. Mashavu yake mwenyewe yalikuwa yameingia ndani. "Basi huyo Mungu naye ana njaa kama sisi," alisema. Akaanza kueleza kwa utaratibu, kama alivyoeleza siku zote, kwamba yeye hamtakii mabaya. Neno moja tu linatosha. Yeye Magige aingie nyumba ya ndugu yake, amrithi mjane kama desturi, na kesho yake kofia inatoka, watoto wanakula. Wake zake wawili hawana neno, wameshakubali.

"Kanisa linakataa," Skolastika alisema.

"Kanisa lije lifungue."

Ndani ya nyumba, penye giza, bibi mzee Nyamburi alikohoa. Ndiye aliyemlea Stanislausi, na sasa alikuwa analelewa na mjane wake. Alikuwa mrefu, mkavu, asiyebatizwa wala kuomba abatizwe, na tangu njaa ianze alikuwa amepunguza maneno kama alivyopunguza kula. Kila jioni alionja vidole viwili vya chakula, kisha akaisukuma sahani kwa wajukuu na kusema tumbo lake limezeeka, halitaki kitu.

Magige alipoondoka alikiacha kigoda palepale. Miriamu, binti mkubwa wa Skolastika, alitaka kukirusha nje ya boma. Mama yake akamkataza, akasema ni mali ya mtu.

*

Florian, katekista wa kigango chao, alikuwa mtu mpole aliyevaa viatu siku za ibada tu, ili visiishe. Alikuja kila wiki kumtia moyo. Alimwambia asikubali kurithiwa, maana Magige ana wake wawili tayari, naye Skolastika ni mke wa Kristu. Alimwambia pia ashukuru kwa kila jambo, kwa kushiba na kwa kukosa, kwani mtu anayeshukuru wakati wa kushiba tu anashukuru tumbo lake. Skolastika alimwuliza kama yeye Florian hawezi kufungua ghala. Florian alilitazama kwa muda, akameza mate. Akasema yeye si wa ukoo huu, akiligusa ataitwa mwizi, na kanisa litaitwa la wezi.

Kwa hiyo walishukuru. Kila jioni Skolastika aliwapanga watoto, Miriamu na mdogo wake Nathanieli, wakafanya ishara ya msalaba juu ya sahani ya mlenda usio na ugali. Miriamu aliuliza kama mlenda mtupu nao unashukuriwa. Mama yake akamjibu kwamba nao ni chakula. Lakini moyoni mwake alijua kwamba shukrani ile aliitoa kama watu walivyotoa kodi ya kichwa, kwa sababu mkusanyaji yuko mlangoni.

Siku Nathanieli aliposhindwa kusimama bila kushika ukuta, Skolastika alilitoa koti la arusi la Stanislausi kwenye sanduku, akalifunga katika kanga na kwenda Musoma.

Alitoka alfajiri akafika jua linazama. Duka alilolijua lilikuwa la Hamduni, mzee wa Kiislamu aliyewahi kuzunguka vijijini akinunua ngozi kabla miguu haijamkatalia. Hamduni alilipokea koti, akaligeuza, akanusa makwapa yake mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri chumvi. Skolastika alitazama chini. Alikuwa amelifua mara mbili.

"Koti zuri," Hamduni alisema. "Lakini mama, unga sina. Shehena ikija inachukuliwa na askari. Ninao furu wakavu, visamaki vya ziwani, na pishi moja ya muhogo uliopondwa, basi."

Alikubali. Mke wa Hamduni, Mwamvita, alimwona alivyokifunga kile kidogo, akamwita ndani alale jikoni, akampa chai ya rangi. Hamduni naye alikuja na kiti chake mlangoni, maana alipenda habari za vijiji alivyovizunguka zamani. Aliuliza huyu ni wa wapi, wa nyumba ya nani. Aliposikia jina la Burito, uso ulimchangamka.

"Burito ya Nyamburi? Yule baba yenu hajambo?"

Skolastika alisema Nyamburi ni bibi, si baba.

"Wewe mtoto, unanifundisha mimi?" Hamduni alicheka. "Mimi nimenunua ngozi kwake miaka na miaka. Mume wake alikufa akamwacha bila mtoto wa kiume. Akachukua ng'ombe zake, akaposa binti wa watu, akamwoa. Nyumba ntobu, si ndiyo mnavyoiita? Yule binti akazaa kijana, kijana akamwita Nyamburi baba mbele yangu. Nilikuwaga nikifika naketi naye wanaume wakiketi. Bei anapanga yeye. Mwamvita, si nilikwambia? Mwanamke ana mke. Mimi mwanamume, mke mmoja tu huyu hapa ananishinda kumlisha."

"Kweli nakushinda," Mwamvita alisema bila kugeuka.

Skolastika hakulala sana. Si kwamba hakujua. Stanislausi alimwita Nyamburi baba tangu alipoanza kusema. Yule binti aliyeolewa, mama yake mzazi, alikufa yeye angali mdogo. Skolastika mwenyewe, alipoletwa kama bi arusi, alipiga magoti mbele ya Nyamburi akamwita hivyo, akapewa mbuzi. Ila Jumapili walipobatizwa, Padre aliuliza jina la baba, Stanislausi akataja Nyamburi, na Padre akamwambia Florian awafundishe watu wake kwamba mwanamke hawi baba wala hawi mume. Jumapili ileile walirudi nyumbani wakamwambia mzee kwamba kuanzia leo ni Bibi. Walimwambia kwa furaha, mavazi meupe bado mwilini, wakidhani wanamtua mzigo.

Nyamburi hakubisha. Alisema, "Haya."

*

Njiani kurudi, Skolastika alipitia kwa Florian, akamweleza alilowaza. Florian alikuna kichwa. Mke wake alikuwa nje anatwanga kitu kisichotoa sauti ya nafaka.

"Dada Skolastika, mimi nakuelewa," alisema. "Lakini ukimwita baba, ukapiga magoti na ungo, umerudia ya zamani mbele ya watu wote. Padre akija ataniuliza mimi."

"Nikirithiwa je?"

"Hapo ni dhambi ya mauti."

"Na mtoto akifa?"

Florian alisema Mungu anajua. Skolastika akaaga, akampa mke wake furu wawili, kwa kuwa alikuwa amesikia kile kinu.

Skolastika alipofika nyumbani, Magige alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Na leo alikuja na mkuki pia, akauegemeza kwenye ghala kama mwenye nyumba. Skolastika aliingia ndani moja kwa moja. Watoto walikuwa wamelala mchana. Nyamburi alikuwa ameketi kwenye ngozi yake, kichwa cha Nathanieli mapajani, akimfukuzia nzi kwa mkia wa ng'ombe.

Skolastika alitua mzigo. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa hayakuja. Badala yake alisikia hasira.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Ungeweza kutoka nje ufungue. Miezi yote hii."

"Nilikuwa najua."

"Na mtoto unamwona."

"Namwona kuliko wewe, wewe ulikwenda Musoma." Nyamburi hakupandisha sauti. "Mliniambia mimi ni mwanamke. Mwanamke hafungui ghala. Ningetoka mwenyewe nikafungua bila kuitwa, huyo aliyeketi hapo nje angesema bibi kizee mwizi amevunja nyumba ya marehemu, akawachukua hao watoto kesho yake. Aniite nani? Aliyekuwa ananiita yuko kaburini. Umebaki wewe."

"Ungeniambia basi."

"Mtu huomba aombwe?"

Skolastika aliketi chini. Alikumbuka vidole viwili vya mlenda kila jioni na ile sahani iliyosukumwa. Alikuwa amemhesabu mzee huyu katika mizigo yake, pamoja na kuni na maji. Katika sala za usiku alimwomba Mungu amsaidie kumvumilia. Aliomba mkate wa kila siku, akausubiri utoke Musoma, au kwa Padre, au mawinguni. Hakuwahi kushukuru kwa ajili ya Nyamburi, hata siku moja, hata kwa mdomo.

Alisimama, akachukua ungo ukutani, akaukung'uta. Nyamburi alimtazama.

"Si hapa," mzee alisema. "Niitie nje. Huyo asikie."

*

Nje kulikuwa na Magige, na wanawake wawili wa jirani waliokuwa wanapita na vibuyu vitupu wakasimama. Nyamburi alitoka akishika ukuta, akafika katikati ya uwanja, akasimama wima kadiri alivyoweza. Skolastika aliinua mkono akafanya ishara ya msalaba, polepole, ili kila mtu aione. Kisha akapiga magoti mbele ya mzee, ungo mtupu mikononi.

"Baba," alisema. "Baba, nyumba yako ina njaa. Tufungulie."

"Nani ananiita?"

"Mke wa mwanao. Mimi Skolastika."

Magige alisimama. Alisema huu ni mchezo, kanisa lenyewe limeshamkataa huyu bibi, hawa walimvua wenyewe ubaba, sasa njaa imewarudisha. Alisema atakwenda barazani. Wanawake wa jirani walitazamana.

"Nenda," Nyamburi alimwambia. "Ukifika, waulize ng'ombe walioleta mama yake Stanislausi walitoka zizi la nani. Wewe ulikuwa kijana, ndiye uliyewaswaga. Ulipewa ndama kwa kazi hiyo. Au nilikupa kama mwanamke?"

Magige alirudi kuketi, maana ndama yule alizaa, na ng'ombe wa uzao wake ndio waliotolewa mahari ya mke wake wa pili. Mmoja wa wale wanawake alicheka kwa pua. Mwingine akamkanyaga mguu.

Nyamburi aliomba ngazi. Hakuweza kupanda. Alijaribu, goti likakataa, akabaki ameshikilia kipandio cha chini huku mgongo unamtetemeka. Kwa desturi ya Burito mkono ulipaswa kuwa wake. Akishindwa, yote yale yangekuwa ya bure. Skolastika aliingia chini yake, akamweka mabegani kama anavyobebwa mtoto siku ya ngoma, akasimama. Hakuwa mzito. Hilo ndilo lililomtoa machozi Skolastika, wepesi wake, si kitu kingine. Nyamburi aliupasua udongo wa ukingoni kwa kucha, akaisukuma kofia, nayo ikaanguka upande wa pili na kuinua vumbi.

Ulezi ulikuwa mzima. Ulikuwa umepungua, umejikandamiza, lakini mkavu na mwekundu, na harufu yake ilishuka uwanjani ikamfikia kila mtu.

Miriamu aliletwa, akaingizwa ndani ya ghala kwa kuwa ni mwembamba, akawa anajaza ungo na kuutoa. Magige hakuondoka. Aliuchukua mkuki wake, akakiinua kigoda, akasimama navyo. Alipozungumza, alizungumza na ardhi.

"Watoto wangu nao hawajala," alisema.

Skolastika alimtazama Nyamburi, kwa sababu ghala lilikuwa lake. Nyamburi alisema, "Si nyumba moja?" Basi Skolastika akamtilia kwenye shuka yake, ungo mzima, akaongeza konzi mbili. Magige alifunga shuka, akaondoka haraka kabla wale wanawake hawajaanza kusimulia. Nao pia hawakuondoka na vibuyu vitupu.

Jioni ile walikunywa uji. Skolastika aliwapanga watoto kushukuru, akafungua kinywa na kukuta sala haitoki. Alikuwa amezoea kuisukuma, na sasa ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Nathanieli alisubiri, akaona mama anachelewa, akaanza kunywa. Aliachwa anywe.

*

Padre alikuja kigangoni mwezi uliofuata. Skolastika hakusubiri asemwe. Alikwenda mwenyewe kabla ya Misa, na kapu la ulezi kwa sadaka, akaeleza yote, na Florian alisimama kando akitazama viatu vyake. Padre alikuwa mtu mwenye haki, tena amechoka na safari. Alimwuliza kama anaamini kwamba mwanamke aweza kuwa mume. Skolastika alisema anaamini kwamba mzee yule aliilisha nyumba yake, na kwamba Mungu alimtumia, na yaliyobaki yeye si msomi. Padre aliuliza kama anajuta kumpigia magoti. Alifikiri kwa dhati, maana hapa si mahali pa kusema uongo.

"Najuta nilivyochelewa, Padre."

Padre alipokea ulezi. Akasema lazima amwulize Askofu, na mpaka jibu lije asishiriki meza ya Bwana, akae nyuma pamoja na wanaofundishwa dini. Skolastika aliitika. Alikuwa amelitarajia: asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, alikunywa uji kabla ya kwenda Misani, jambo ambalo anayeshiriki meza halifanyi.

Watu waligeuka kumwona akipita mbele yao kwenda nyuma. Wenzake wa Chama cha Wanawake walisogeza kanga zao. Alipoketi kwenye benchi la mwisho, mlango ulitiwa giza na mtu mrefu mwenye fimbo. Nyamburi hakuwahi kuingia kanisani. Alitazama paa, akatazama mshumaa uliowashwa mchana, akaja kuketi karibu naye, akinusa kama mtu aliyefika ugenini.

"Nimekuja kuona anayepelekewa ulezi wangu," alisema kwa sauti ya kawaida, na nusu ya kanisa ilimsikia.

Skolastika alimwomba anong'one. Walikaa hivyo muda mrefu, maneno ya Kilatini yakiwapita. Kengele ikalia, watu wakaanza kwenda mbele kupiga magoti kwa safu, Florian miongoni mwao, wakirudi wameinamisha vichwa.

"Wanapewa nini kule?"

"Chakula, Baba."

"Na wewe huendi?"

"Nimekatazwa kwa sasa."

Nyamburi aliwaza juu ya hilo. "Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yangu mwenyewe."

"Unaona uchungu?"

Skolastika alisema anaona. Alisema hivyo bila kuficha, kwa kuwa benchi lile lilikuwa gumu na migongo ya watu wote ilikuwa imemgeukia. Kisha Padre akawaalika waamini wamshukuru Mungu kimya kimya, wote wakapiga magoti. Skolastika naye alipiga magoti kwenye vumbi la nyuma. Safari hii hakulazimika kuyatafuta maneno. Alimtaja Stanislausi, akaitaja miguu ya Nathanieli iliyoanza tena kukimbia, akawataja Hamduni na Mwamvita, na Magige, na mzee aliyekaa hapa karibu akipumua kwa nguvu. Wenzake wa mbele walisimama, wakaimba, wakaanza kutoka, yeye bado yuko chini.

Nyamburi alimvumilia. Mwishowe akamgusa bega kwa ncha ya fimbo.

"Maliza, mwanangu," alisema. "Tumeacha ulezi juani, na kuku wa Magige hawana dini."

Skolastika alijifuta magoti, akamshika mzee mkono kumsaidia kushuka kizingiti, wakaenda.